Wengi wape, lakini wengi ni kina nani? Njia nne za kufikia uamuzi wa kikundi

Mwisho wa mzunguko uliopita kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilibaki na fedha ya mradi baada ya kugawana. Tulikuwa wanachama 23 na mapendekezo matatu: tununue kiwanja, tununue bajaji, au tununue viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli. Sanduku lilikuwa wazi, funguo zake tatu ziko mezani, na watu walikuwa wanaangalia saa wawahi magari. Mwenyekiti akasema tunyooshe mikono. Kiwanja mikono 9, bajaji 8, viti 6. Nikaandika: kiwanja kimepita.

Nilipokuwa nafunga daftari, mama mmoja wa upande wa viti aliinama akaniambia taratibu, "Katibu, sisi kumi na wanne hicho kiwanja hatukitaki." Nikajumlisha tena. Ilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata nilimpitia mwanachama mmoja mmoja, nikamwomba anipangie yote matatu, la kwanza hadi la mwisho. Wale 9 wa kiwanja walisema: kiwanja, kisha viti, mwisho bajaji. Wale 8 wa bajaji: bajaji, viti, kiwanja. Wale 6 wa viti: viti, bajaji, kiwanja. Nikakaa na hesabu hiyo usiku kucha, maana nilichokiona kilinitisha kidogo: watu ni walewale, maoni ni yaleyale, lakini ukibadilisha njia ya kuyaunganisha, mshindi anabadilika. Kwa njia moja kinashinda kiwanja, kwa nyingine bajaji, kwa nyingine viti.

Kwa hiyo anayechagua njia ya kupiga kura amekwisha kuchagua sehemu ya matokeo. Kama kikundi chako, kamati yako ya harusi au bodi yako ya shule imekwama hapo, nimekuwekea njia nne nilizozipima.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza: njia inasikiliza nini kutoka kwa mtu? Chaguo lake la kwanza tu, au pia lile analoweza kulivumilia na lile asilolitaka kabisa? Cha pili: mwanachama aliyekaa nyuma kabisa anaweza kuhesabu mwenyewe akaona hakuibiwa? Cha tatu: ni rahisi kiasi gani kuichezea? Cha nne ni muda. Cha tano, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni hali ya walioshindwa: wiki ijayo wataleta hisa zao? Kikundi hakina polisi. Mtu akiona ameonewa haandiki malalamiko, anaacha kuja.

Usitafute njia itakayopata alama zote kwenye vigezo hivi. Mwaka 1785 Mfaransa Condorcet alionyesha jambo ambalo ukilijaribu kwa watu watatu tu utaliona. Wa kwanza anapanga kiwanja, bajaji, viti. Wa pili bajaji, viti, kiwanja. Wa tatu viti, kiwanja, bajaji. Wawili kati ya watatu wanapenda kiwanja kuliko bajaji. Wawili wanapenda bajaji kuliko viti. Na wawili wanapenda viti kuliko kiwanja. Kila mmoja ana msimamo ulionyooka, ila kikundi kinazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mwaka 1951 mchumi Mmarekani Kenneth Arrow alikwenda mbali zaidi: alithibitisha kwamba machaguo yakiwa matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya watu inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaita ya haki. Kinachobaki ni kujua kila njia inatoa kafara nini.

1. Kura moja, mwenye nyingi achukue

*Inavyokwenda.* Kila mtu anataja chaguo moja. Lililopata kura nyingi kuliko jingine lolote linapita, hata kama halikufika nusu. Ndivyo Tanzania inavyompata Rais tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Kabla ya hapo ilihitajika zaidi ya nusu.

*Nguvu yake.* Inaeleweka na kila mtu, na inaisha ndani ya dakika kumi. Asiyejua kusoma anahesabu mikono kama msomi. Machaguo yakiwa mawili tu, sioni sababu ya kutafuta njia nyingine.

*Inapokwama.* Ni pale machaguo yanapokuwa matatu na kuendelea. Njia hii haisikii chochote zaidi ya chaguo la kwanza, kwa hiyo upande uliogawanyika unashindwa na upande ulioshikamana, hata kama uliogawanyika ndio mkubwa. Kenya mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura. Waliobaki waligawana kati ya Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Kiwanja chetu kilipita vivyo hivyo: 9 dhidi ya 14 waliogawanyika.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye machaguo mawili, au uamuzi mdogo ambao kesho unaweza kubadilishwa: tukutane Jumamosi au Jumapili, sare iwe ya rangi gani.

2. Duru mbili

*Inavyokwenda.* Mnapiga kura mara ya kwanza. Asipopatikana aliyevuka nusu, wawili wa juu wanarudi peke yao. Katiba ya Kenya ya 2010 ilichukua njia hii na kuongeza sharti: mshindi wa duru ya kwanza apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sharti hilo la pili nalipenda. Linauliza wangapi wamekubali, na pia wanatoka wapi.

*Nguvu yake.* Anayeshinda anaweza kusimama mbele ya watu akasema zaidi ya nusu yenu mlinichagua. Hilo linatuliza mioyo. Kwetu, kiwanja na bajaji vingeingia duru ya pili, wale 6 wa viti wangehamia kwenye bajaji, na bajaji ingeshinda 14 kwa 9.

*Inapokwama.* Inamtoa mapema anayekubalika na wote lakini si kipenzi cha kwanza cha wengi. Tazama viti vyetu: vikishindanishwa na kiwanja peke yake, vinashinda 14 kwa 9, na bajaji, vinashinda 15 kwa 8. Vinawapiga wote wawili, lakini duru ya kwanza vinatolewa. Ufaransa walilionja hili kwenye uchaguzi wa Rais mwaka 2002. Wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, na Lionel Jospin aliyepata asilimia 16.18 akaachwa nje na Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia, aliyepata asilimia 16.86. Duru ya pili Jacques Chirac, aliyeongoza duru ya kwanza, alishinda kwa asilimia 82, na wengi waliompigia walikuwa wanamzuia Le Pen tu.

*Inamfaa nani.* Kuchagua viongozi, hasa mwenyekiti na mweka hazina, ambao hawawezi kufanya kazi kama watu hawawatambui. Muda unaotumika ni mara mbili, lakini kwa uongozi wa mwaka mzima hiyo ni bei ndogo.

3. Kupanga kwa alama

*Inavyokwenda.* Kila mtu anapanga machaguo yote. Yakiwa matatu, la kwanza linapata alama 3, la pili 2, la mwisho 1. Mnajumlisha. Jean-Charles de Borda aliipendekeza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1770.

*Nguvu yake.* Ndiyo njia inayomsikiliza mtu kwa kina kuliko zote za kura. Hesabu yetu inatoa viti alama 52, bajaji 45, kiwanja 41. Kile kilichokuwa cha mwisho kwenye mikono kinakuwa cha kwanza, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja aliyekiweka mwisho. Nilipoijumlisha mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia kwa kalamu nyingine.

*Inapokwama.* Pawili. Kwanza, inataka karatasi, kusoma, na mtu wa kujumlisha anayeaminika. Nilijaribu kwa punje: kila mtu mbele ya kila pendekezo anatumbukiza punje tatu, mbili au moja za mahindi kwenye kikombe. Ilikwenda vizuri, ila ilitula saa nzima, na mzee mmoja aliweka tatu kila kikombe akisema anayapenda yote.

Pili, inachezeka. Mtu anaweza kuliweka mwisho chaguo ambalo kwake ni la pili, ili kulizamisha. Lakini hesabu hapa inafundisha. Tuseme wale 9 wa kiwanja wanakubaliana kando kuvishusha viti hadi nafasi ya mwisho. Viti vinaanguka hadi 43, bajaji inapanda hadi 54, na inashinda bajaji, ambayo hao tisa ndiyo hawakuitaka kabisa. Wale 8 wa bajaji wakifanya ujanja huohuo, viti vinabaki na 44, kiwanja kinafika 49, na wao nao wanaishia na walichokikimbia. Nawaonyesha wanachama hesabu hii kabla ya kura, kwa sababu ni kinga nzuri kuliko kuwakemea. Ujanja mgumu zaidi kuuzuia ni wa kuleta pendekezo la nne dakika za mwisho, linalofanana na lako, ili livuruge alama za wengine. Dawa yake ni kufunga orodha mkutano mmoja kabla.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye machaguo matatu hadi matano, wanachama wanaoandika, na uamuzi ambao wote watauishi kwa muda mrefu.

4. Kuzungumza mpaka mkubaliane

*Inavyokwenda.* Hakuna kura. Kila mmoja anasema, pendekezo linakatwa na kushonwa upya mpaka hakuna tena wa kulipinga.

*Nguvu yake.* Ni njia pekee inayoweza kuzaa chaguo ambalo halikuwepo mwanzoni. Kura zinahesabu maoni yalivyo. Mazungumzo yanaweza kuyabadilisha. Pia inapima uzito wa hoja pamoja na idadi ya vichwa. Watanzania tuna mfano mkubwa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikusanya maoni nchi nzima kuhusu mfumo wa vyama. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, karibu 20 walitaka vyama vingi. Kwa kuhesabu tu, suala lilikuwa limekwisha. Tume ilisikiliza ndani ya ile 80 na kukuta wengi wao wanataka mabadiliko makubwa katika mfumo huohuo walioutetea, ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kuna wanaosema wengi walipuuzwa. Mimi naona walisikilizwa hadi mwisho wa sentensi yao. Ila nakiri kwamba njia hiyo inahitaji msikilizaji mwaminifu. Akiwa na nia mbaya, neno "nimewasikia" linaweza kufunika lolote.

*Inapokwama.* Mmoja anaweza kuwasimamisha wote. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua kwa maridhiano kwa mujibu wa Mkataba wa 1999. Mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulikwama hapo: Kenya na Rwanda walitia saini mwaka 2016, Tanzania ikakataa, na Kenya ikaishia kusaini wake peke yake mwaka 2023. Unaweza kusema Tanzania ililinda viwanda vyake, unaweza kusema iliwachelewesha wenzake. Njia yenyewe haina jibu la hilo. Kwenye kikundi tatizo ni dogo ila linauma vilevile. Anayechoka haraka ananyamaza, na ukimya wake unaandikwa kuwa ni ndiyo. Mwenye watoto wadogo nyumbani anaondoka kabla ya mwenye maneno mengi.

*Inamfaa nani.* Kikundi kidogo, familia, kamati ya watu watano hadi kumi wanaoheshimiana. Pia kubadilisha katiba ya kikundi, ambapo hutaki mtu aseme baadaye kwamba hakuhusishwa.

Mikono au siri

Njia yoyote ya kura unaweza kuifanya kwa wazi au kwa siri, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wakenya wa umri fulani ukiwatajia mlolongo wanajua unasema nini: mchujo wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka 1988, wapiga kura wamepangwa foleni nyuma ya mgombea au picha yake, kila jirani anamwona kila jirani. Kwetu hakuna foleni, ila kuna mkopeshaji na mdaiwa. Anayedaiwa na mwenyekiti hanyooshi mkono kinyume chake. Kwa jambo lolote linalogusa mtu au fedha nyingi, tumia karatasi au punje kwenye mfuko: mahindi ni ndiyo, maharage ni hapana.

Swali likiwa la ukweli

Hadi hapa nimezungumzia matakwa. Kuna maswali mengine ambayo yana jibu sahihi hata kama hatulijui bado: huyu ataweza kurejesha mkopo? Gunia litauzwa bei gani mwezi wa tatu? Hapa hatutafuti wa kumridhisha, tunatafuta kutokosea.

Kwa makadirio ya namba, msijadili kwanza. Kila mtu aandike yake kimyakimya, mzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, mchukue iliyokaa katikati. Mwingereza Francis Galton alichambua makaratasi 787 ya watu waliokisia uzito wa nyama ya ng'ombe kwenye maonyesho ya Plymouth, akachapisha matokeo mwaka 1907. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito halisi 1,198. Hiyo ni tofauti ya kilo nne hivi kwenye kilo 543. Ilifanya kazi kwa sababu kila mmoja alikisia peke yake. Mzee wa kwanza akisema "elfu themanini", wote watazunguka hapohapo.

Kwa maswali ya ndiyo na hapana, Condorcet yuleyule alitoa hesabu nyingine. Kama kila mjumbe anapatia mara 60 kati ya 100, na kila mmoja anafikiri kivyake, kura ya wengi ya wajumbe watano itapatia mara 68 hivi. Kama kila mmoja anapatia mara 40 tu, kamati itapatia mara 32. Kuongeza watu wasiojua jambo kunaongeza makosa.

Kamati ya mikopo ina mtego wake wa pekee. Kwetu mkopo unatoka kama majibu mawili yote ni ndiyo: biashara inaweza kuulipa, na wadhamini wanatosha. Wajumbe ni watatu. Wa kwanza anaona ndiyo na ndiyo, kwa hiyo anakubali. Wa pili anaona biashara ndiyo, wadhamini hapana, anakataa. Wa tatu biashara hapana, wadhamini ndiyo, anakataa. Ukipiga kura juu ya mkopo, umekataliwa 2 kwa 1. Ukipiga kura juu ya kila hoja, biashara imepita 2 kwa 1, wadhamini wamepita 2 kwa 1, na mkopo unatoka. Wajumbe walewale, siku ileile.

Kupigia kura uamuzi kunahifadhi fedha, lakini muombaji akiuliza kwa nini amekataliwa hakuna sababu ambayo wengi wanaikubali. Kupigia kura hoja kunakupa sababu za kumweleza na kuwatendea wote kwa mizani moja, lakini unaweza kutoa mkopo ambao wajumbe wawili kati ya watatu hawautaki. Kikundi kichanga chenye mfuko mdogo kichague ya kwanza. Kikundi kinachoshutumiwa kwa upendeleo kichague ya pili.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Mna machaguo mawili na hakuna hasira: mikono, basi.

Mnachagua viongozi, wagombea watatu au zaidi: duru mbili, kwa siri.

Mna mradi mmoja wa kuchagua kati ya kadhaa, na wote watachangia fedha: pangeni kwa alama, orodha ifungwe mkutano mmoja kabla. Kama wengi hawasomi na muda ni mfupi, shindanisheni mapendekezo mawili mawili kwa mikono; likiwepo linaloshinda mengine yote, hilo lichukueni. Likikosekana, mkazunguka kama nilivyoeleza, rudini kwenye mazungumzo.

Mnabadilisha katiba, au mnagawana mali ya familia baada ya msiba: zungumzeni, wekeni kikomo cha vikao vitatu, na andikeni mapema kura gani itafuata vikao vikishindikana.

Mnakadiria bei, mavuno au gharama: kimyakimya, kisha namba ya katikati.

Na kama mmeshapiga kura na kuna kinyongo, kama sisi? Nilishawishika kuitisha kura mpya kwa njia ya alama. Nikajizuia, kwa sababu kila mtu tayari alijua alama zitatoa nini, na kuchagua njia ukiwa unajua mshindi wake ni sawa na kuchagua mshindi. Kiwanja tulikinunua. Kisha, kabla ya pendekezo lolote jipya kuletwa, tuliongeza kifungu kwenye katiba: njia ya kuamua itakubaliwa na kuandikwa mkutano mmoja kabla ya mapendekezo kusomwa. Aliyekisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya wanachama ni yule mama wa viti.